Ufa Usiozibwa Haraka

Katika kibanda kimoja cha useremala kando ya barabara ya kutoka mjini Nyeri kwenda Kiganjo kuna ubao wa muringa ulioegemezwa ukutani, nao hauuzwi. Ni kipande kimoja kizima cha gogo: upana wake ndio uliokuwa upana wa mti, unene inchi tatu, na gome bado limeng'ang'ania pembeni. Mwisho wake mmoja umepasuka. Ufa unaanzia ukingoni ukiwa na nafasi ya kupitisha kidole, unaingia ndani huku ukipungua, unafifia karibu na katikati. Kandokando yake, kila mahali ulipokuwa umekomea kwa wakati fulani, kuna kistari cha penseli na neno moja: Njahi. Gathano. Mwere. Kiangazi. Halafu Njahi tena. Mteja akiuliza bei, mzee mwenye kibanda humwonyesha vistari hivyo na kumwambia, "Huyu bado anatembea."

Asiyetoka huku mlimani atahitaji maelezo kidogo. Njahi ni mvua ndefu za Machi hadi Mei, zilizopewa jina la zile fiwi nyeusi tunazowapikia kina mama waliojifungua. Mwere ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, nazo zimebeba jina la nafaka ambayo siku hizi karibu haipandwi tena katika mashamba yetu. Gathano ni baridi ya Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka Nyandarua na nguo kukaa kambani bila kukauka. Ubao hufuata majira hayo hata ukiwa umekatwa zamani. Hewa ikilowa, nao hunywa na kuvimba. Jua la Januari na Februari likikaza, hutoa maji na kunywea, na hapo ndipo ufa husonga. Mzee haongezi chumvi anaposema ubao unatembea. Amepima. Vistari vile nilivisoma vyote, kuanzia ukingoni kwenda ndani, kama mama anayesoma kadi ya kliniki ya mtoto wake, na niliona mwendo ukipungua: kutoka kiangazi cha kwanza hadi cha pili upana wa kiganja, kutoka cha pili hadi cha tatu upana wa ukucha. Vistari vya viangazi viwili vikiangukia pahali pamoja, ndipo mzee atakapoushusha ubao huo mezani na kuanza kazi.

Najua msomaji keshaikumbuka ile methali ya usipoziba ufa. Methali hiyo ni ya mjenzi. Ukuta wa udongo ukipasuka, ufa hauna faida yoyote ya kungojwa. Kila siku unayochelewa unaongeza gharama. Lakini ubao mpana ukiuziba kabla haujamaliza kukauka, umeutia kabari. Utataka kunywea, utakuta njia yake ya kwanza imejazwa kitu kigumu, nao utatafuta njia nyingine na kupasukia pembeni. Nyufa zitakuwa mbili, na ile ya pili haitakuwa imefuata mkondo wowote uliotarajiwa.

Sababu yake mafundi wa zamani hawakuisoma popote, ila waliishika mikononi. Mti unapokauka hunywea zaidi kuizunguka pete yake ya umri kuliko unavyonywea kutoka gome kwenda moyoni. Tofauti hukaribia mara mbili. Basi kipande kizima cha gogo, hasa kilichobeba moyo wa mti, hakiwezi kukauka bila kuvutana chenyewe. Lazima pahali fulani kiachie. Zaidi ya hayo, maji hutoka kwa kasi kubwa kwenye ncha zilizokatwa kuliko kwenye uso wa ubao, ndiyo maana nyufa huanzia mwishoni. Fundi mwenye akili hupaka ncha hizo rangi au nta siku ileile mti unapopasuliwa, hupanga mbao kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, kisha huenda kufanya mambo mengine. Hesabu ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ubao wa inchi tatu ni miaka mitatu. Hesabu hiyo ukimtajia mteja wa leo atadhani unamtania.

Siku moja nilikuwepo kijana mmoja alipoegesha gari, akaingia, akapiga ule muringa kofi la mapenzi, akasema, "Mzee, si umwage tu resini hapo nije kuchukua meza Ijumaa?" Mzee alimtazama kwa upole ambao mimi singekuwa nao. "Ijumaa naweza kukupa, kijana wangu. Lakini Krismasi utanirudishia." Kijana alicheka, akaondoka, na nina hakika alipata meza yake Ijumaa, kwingine.

Kazi yenyewe, wakati wake ukifika, huanza chini ya ubao. Hilo ndilo lililonivutia zaidi. Mzee huupindua, akasafisha ufa kwa waya mwembamba na mswaki mkuukuu, akatoa vumbi, vipande vya gome vilivyolegea na mbao iliyooza hadi afike kwenye mti mzima. Huingiza waya kujua ufa umekwenda kina gani, kwa maana ufa wa juu na ufa wa chini mara nyingi si sawa. Unaweza kuuona mfupi kwa juu ilhali kwa chini umeshatambaa mbali. Kisha huugonga ubao kwa kifundo cha kidole, huku na huku, na kusikiliza. Sijui anasikia nini. Nimegonga na mimi nikasikia ubao.

Ndipo hutoa vipepeo. Ni vipande vidogo vya mti mgumu, vipana mwishoni huku na huku na vyembamba kiunoni, vinavyozamishwa kukatiza ufa ili mabega yake yashike pande zote mbili zisiachane. Nyuzi za kipepeo lazima zilale kukatiza ufa. Zikilala sambamba nao, kipepeo chenyewe kitakatika kiunoni mara ubao utakapovuta, na hilo ni kosa la fundi aliyeona picha tu ya kazi hii. Kikubwa hukaa karibu na mdomo wa ufa, vidogo hufuata kuelekea ncha yake. Mzee hukiweka kipepeo juu ya ubao, akazunguka pembe zake kwa kisu badala ya penseli, kwa kuwa kisu huacha mstari usio na unene, kisha huchimba kwa patasi hadi karibu nusu ya unene wa ubao. Hapimi mara mbili. Anajaribisha, anatoa, anakwangua pembe moja kidogo, anajaribisha tena. Kinapokubali kuingia kwa shida, hupaka gundi na kukigonga kwa nyundo ya mti, pole pole, hadi sauti ibadilike kutoka ya uwazi kuwa ya uzito. Kinachobaki juu hukatwa na randa.

Vipepeo hivyo huvichonga kutoka mashina ya kahawa. Hapo niliuliza, nikapata historia ya wilaya nzima kutoka darini kwake. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika Julai 1989 na bei kuanguka, mashamba mengi ya Nyeri yalitelekezwa. Wengine waliachia kahawa yao vichaka, wengine waliing'oa usiku wakapanda nyasi za ng'ombe. Mashina yaliishia jikoni. Mzee, ambaye wakati huo alikuwa na nguvu, alizunguka Tetu na Mukurwe-ini akiomba yale manene zaidi, akayabeba kwenye mkokoteni, akayatupa juu ya dari na kuyasahau kwa makusudi. Mti wa kahawa haukui mnene, hauwezi kutoa ubao, kwa hiyo maseremala huudharau. Lakini ni mgumu, mzito, umeshikana, na una rangi ya maziwa yaliyochemka sana. Mashina yale yamekauka kwa muda mrefu kuliko umri wa vijana wanaomfanyia kazi. Yakizamishwa kwenye muringa ulio mwekundu wa kahawia, yanaonekana kutoka mlangoni, na yeye hataki yafichike. Ukimwomba ayapake rangi yafanane na ubao, atakuuliza kama wewe huaibika na kovu lako la chanjo.

Ubao ukishashikwa ndipo hufikiria kuujaza, na mara nyingi hujaza kidogo kuliko mteja anavyotaka. Nyufa nyembamba hupewa vumbi la mbao ileile lililokorogwa na gundi, likabanwa ndani kwa kisu cha bapa na kupigwa msasa likiwa bado halijakauka vizuri, ili vumbi jipya lijisukume lenyewe ndani. Vitundu vidogo hupewa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na utomvu wa msonobari. Nyufa pana? Huziacha wazi. "Zimeshikwa," husema, "zina shida gani?" Meza ya kulia chakula ni jambo lingine, maana makombo ya chapati hayana adabu, na hapo mzee hukubali kutumia resini, akiitia weusi kwa unga wa makaa. Huimwaga kwa tabaka nyembamba, moja ikauke ndipo nyingine ifuate, kwa sababu resini ikimwagwa nene hujichemsha yenyewe na kujaa mapovu na mipasuko, na katika baridi ya Gathano huchelewa kushika kiasi cha kumkatisha tamaa asiyeijua. Yeye si adui wa kitu kipya. Anachokataa ni kitu kipya kufanya kazi ya subira.

Kwa upande wangu mimi ni adui kidogo. Nimechoka na meza za mto. Msomaji amekwisha kuziona Nanyuki, Karatina, hata kwenye maduka ya simu: ubao umepasuliwa katikati kwa makusudi, vipande viwili vimetenganishwa, na kati yao mto wa bluu wa plastiki unaong'aa. Nanyuki, chini ya mlima ambao mito yake halisi kila kiangazi inazidi kupungua, mtu ananunua mto wa bluu kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Niliwahi kukalia meza ya namna hiyo katika hoteli moja ya huko ambayo sitaitaja. Ubao wake ulikuwa mkaratusi, mti ambao hupasuka hata kabla haujafika chini, kwa jinsi unavyokua ukiwa umejikaza ndani. Ulikatwa mbichi, ukamwagiwa resini, ukafungwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma katika matundu ya duara yaliyobana kabisa. Nyanda za Laikipia ni kavu kuliko Nyeri. Ubao ulitaka kunywea, chuma hakikuuruhusu. Ufa mpya ulikuwa umekimbia kando ya mto wa bluu, sambamba nao, urefu wa meza yote, na mhudumu alikuwa ameufunika kwa kitambaa na chupa ya sosi. Tundu refu badala ya la duara, linaloiachia skrubu nafasi ya kusogea, lingetosha kuuokoa. Ni kazi ya dakika chache kwa keekee.

Habari hii ya chuma na mti hunikumbusha mugumo wa Thika. Wazee husimulia kwamba mtabiri Mugo wa Kibiro alisema utawala wa Waingereza ungekoma siku mti huo utakapoanguka, na kwamba Waingereza, walio na akili zao zote za kisayansi, waliogopa wakauzungushia pete ya chuma ili usimame. Husimuliwa pia kwamba radi iliupiga, ukapasuka vipande viwili, ukaanguka mwaka ule wa 1963 ambao bendera ilibadilishwa. Wanahistoria na wabishane. Seremala akiisikia hadithi hiyo husikiliza zaidi ile pete: aliyeifunga alitaka mti usisogee kabisa.

Watu hupenda kusema vipepeo hivi vimetoka ng'ambo, na ni kweli kwamba jina kubwa katika kazi hii ni la George Nakashima, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyezaliwa 1905. Wakati wa vita vya pili alifungiwa katika kambi ya Minidoka, Idaho, pamoja na familia yake, na humo ndimo alimofundishwa useremala wa kale na fundi Gentaro Hikogawa. Baadaye, huko Pennsylvania, alitengeneza meza za mbao nzima akiziacha nyufa zake zionekane na kuzishika kwa vipepeo, hadi kifo chake mwaka 1990. Namheshimu. Lakini Misri ya kale iliunganisha mbao kwa vipepeo maelfu ya miaka kabla yake, na hapa kwetu hatukuwahi kutupa kitu kwa sababu kimepasuka. Kibuyu kikiingia ufa kilitobolewa matundu pande zote mbili na kushonwa kwa uzi wa mkonge, kikaendelea kubeba uji. Kinu cha muringa kilichopasuka kilivishwa mshipi wa ngozi mbichi, nayo ngozi ilipokauka ilikibana. Pwani, mafundi wa majahazi wa Matondoni kule Lamu hukalafati vyombo vyao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wakigongea katikati ya mbao kitu laini kinachokubali kuvimba pamoja na chombo kikiingia majini. Wote hao walijua kwamba kilichopasuka kitaendelea kusogea, na walikitengeneza wakikiachia ruhusa.

Muringa wa kutoa ubao mpana hauonekani sana siku hizi. Wala muiri, wala muthaiti wenye harufu ya kafuri, ambao ulikuwa mfalme wa misitu ya mlima. Serikali ilipiga marufuku kukata miti ya asili msituni tangu miaka ya 1980, lakini mwaka 1999 ndege ya uchunguzi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ilipopita juu ya Mlima Kenya ilikuta maelfu ya mithaiti imelala chini, na mwaka uliofuata msitu huo uliwekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Februari 2018 ukataji wote katika misitu ya umma ulisimamishwa, na marufuku hiyo iliyotangazwa kuwa ya siku 90 ilidumu hadi Julai 2023. Sikuona ubaya wa marufuku. Ila mafundi waligeukia mashambani: mukima wa mpakani, mkaratusi wa bondeni, mparachichi uliozeeka. Miti michanga, iliyokatwa jana, iliyopasuliwa kwa msumeno wa pawa leo, na kuwa kitanda kesho. Hapo ndipo tabia ya kuhifadhi mbao ilipokufa kabisa. Fundi anayelipa kodi ya kibanda kila mwezi hana miaka mitatu ya kumpa ubao, na benki haikopeshi mtu kwa dhamana ya mbao zinazokauka.

Mtu hawezi kuandika sifa za mbao pana katika kaunti alikozaliwa mtetezi wa misitu Wangari Maathai bila kujisikia anatazamwa. Alizaliwa Ihithe, Tetu, na alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameshaagiza asizikwe katika jeneza la mbao; mwili wake uliwekwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa kwenye benchi la mzee. Nadhani wangeelewana. Mbao za mzee ni za miti iliyoangushwa na upepo, au iliyokatwa kupisha barabara na nyumba, ambayo wengine wangeifanya makaa. Na ubao uliotengenezwa ufa wake vizuri unaweza kuhudumia wajukuu, wakati ule mti uliopandwa badala yake unapata nafasi ya kunenepa. Anayeharibu msitu zaidi ni yule anayetengeneza meza tatu kwa miaka kumi kwa sababu zote zimepasuka.

Vijana wawili wanamsaidia mzee. Mmoja ana mikono mizuri, nimemwona akichimba nyumba ya kipepeo mzee akiwa hayupo, na ilikuwa safi. Amesema mwaka ujao anaenda Nairobi, kwa jamaa yake anayemwaga resini huko Gikomba, maana huko hulipwa kwa wiki. Siwezi kumlaumu. Misheni za Tumutumu na Mathari ziliwahi kutoa maseremala waliotengeneza viti vya kanisa ambavyo bado havijalegea. Vyuo vya ufundi vya leo huwafundisha vijana kupiga fremu na kubandika mbao za kiwandani, kazi isiyohitaji kungoja kitu. Hakuna mtihani wa kungoja. Mzee hana mtoto aliyechukua patasi, na dari lake bado lina mashina ya kahawa ya kutosha vipepeo vya miaka ishirini.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashamba kuanzia Othaya hadi Naro Moru: mti mkubwa ukianguka nyuma ya nyumba, usimwite mchoma makaa kabla hujaupaka ncha zake rangi, hata ile iliyobaki ya mabati. Upasue, upange kivulini na vijiti katikati, uache mvua ya Njahi ipite na ya Mwere ipite, zaidi ya mara moja. Kisha utafute fundi. Ukimpata atakayekuuliza mti ulikatwa lini kabla hajakutajia bei, mlipe anachodai, na usimwulize Ijumaa.